Chungu ama chachu? Vile utazitofautisha na kuokoa chakula chako jikoni

Mtu anaonja juisi ya ukwaju anakunja uso anasema "hii chungu", mwengine anaonja karela ya kukaanga anasema "hii kali", na yule aliyepika anabaki hajui aongeze nini, basi anamwaga sukari, anaonja, anamwaga tena, mwisho sukari imejaa na ile shida bado iko pale pale. Hapa Malindi naliona hili vibandani na majumbani na linaniuma kwa kweli, manake ni chakula kizuri kinaharibika kwa kitu ambacho mtu angejifunza kwa nusu saa tu. Uchungu na uchachu ni vitu viwili mbalimbali, vinatokana na vitu tofauti, mdomo unavipokea kwa njia tofauti na dawa zake hazifanani, ukitibu uchungu kwa dawa ya uchachu unaharibu zaidi. Na kuna wakati uchungu ni onyo la sumu, hapo usicheze kabisa, nitafika huko.

Tuelewane maneno kwanza. Nikisema uchachu ni ile ladha ya ndimu, ukwaju, siki, mbirimbi, embe bichi, maziwa lala. Wengi wetu pwani tunasema ukali, wengine ugwadu, yote sawa, ila ukali tunautumia pia kwa pilipili kwa hivyo hapa nauweka kando. Nikisema uchungu ni karela, shubiri, mwarobaini, mboga ya mchunga, kahawa isiyo na sukari, kidonge cha kwinini ukikitafuna.

Hatua ya 1: Tengeneza vipimo vyako

Watafiti Marekani waliandika miaka ya 1970 kwamba watu wengi wazima wanachanganya ladha hizi mbili wakiulizwa, kwa hivyo usione haya, si wewe peke yako. Ulimi hauna kasoro, ni vile tu hatujawahi kukaa chini tukaonja uchachu mtupu na uchungu mtupu kando kwa kando.

Chukua glasi tatu za maji safi yasiyo baridi sana. Ya kwanza tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, yachuje, mbegu zisiingie na ganda usilikamue. Ya pili chukua kipande cha karela mbichi cha urefu wa kidole, kiponde kwenye kinu, kikamue kwa kitambaa safi na utie vijiko viwili vya chai vya hayo maji yake. Ya tatu ni maji matupu ya kusukutua. Karela ikikosekana sokoni tafuta jani moja la mwarobaini, litafune kidogo uteme, usimeze, na mjamzito asiliguse kabisa.

Usifanye zoezi hili umetoka kupiga mswaki sasa hivi. Dawa nyingi za meno zina kitu cha kutoa povu kinaitwa sodiamu laureli salfeti, kinafifisha utamu na kuongeza uchungu, ndio maana ukinywa maji ya machungwa baada ya mswaki unasikia machungu vibaya sana na machungwa hayana makosa. Subiri kama saa moja. Vivyo hivyo ukiwa umetoka kunywa kahawa, kula pilipili ama una muguka shavuni, usijisumbue, ngoja mdomo utulie.

Hatua ya 2: Onja na uangalie mdomo unafanya nini

Anza na ya ndimu. Chukua tama moja, izungushe mdomoni sekunde chache, meza. Uchachu unakuja papo hapo, hausubiri, mashavu yanabana, taya chini ya masikio zinashtuka, jicho moja linataka kufumba na mate yanajaa. Hayo mate ndiyo alama kubwa, mwili unatoa mate mengi kuipunguza makali ile asidi. Alafu ukimeza unaisha haraka, sekunde kadhaa mdomo uko safi. Ukila embe bichi nyingi ama ukwaju mtupu meno yanaingia ganzi, hio pia ni kazi ya asidi, hakuna karela itakayokutia ganzi la meno.

Sukutua, kula kipande cha mkate usio na kitu, subiri kama dakika mbili. Sasa ya karela. Mwanzo utadhani ni maji tu, kisha uchungu unaingia polepole, unapanda, unakaa nyuma ya ulimi na kooni, koo linataka kukaza kama linakataa, na ukishameza hauondoki, unasukutua bado upo, unaongea na mtu bado upo.

Kwa hivyo mtu akikwambia juisi yako ni chungu usikimbilie sukari. Muulize swali moja. Kijana anakuja kibandani anasema, "Shangazi, leo ukwaju wako mchungu," mjibu tu, "Mwanangu, mate yanakutoka ama koo linakukaza?" Akisema mate, ni uchachu, tia maji ama sukari. Akisema koo, kuna kitu umeunguza, umesaga mbegu ama kimeharibika, nenda kaangalie kabla hujamuuzia mtu mwengine.

Na ile ramani ya ulimi tuliyochora shuleni, utamu mbele, uchachu pembeni, uchungu nyuma, isikupotoshe. Ilitokana na kazi ya Mjerumani Hänig ya 1901 ambayo baadaye, 1942, Boring aliichora upya Marekani kwa namna iliyofanya tofauti ndogo zionekane kubwa. Sehemu zote za ulimi zenye vionjeo zinasikia ladha zote, nyuma uchungu unasikika kwa nguvu zaidi kidogo, lakini ncha ya ulimi inausikia vizuri tu. Hili ni muhimu kwa usalama, utaona hatua ya mwisho.

Ukitaka kujua kwa nini viwili hivi vinakuja tofauti, ni hivi. Uchachu wote duniani chanzo chake ni kimoja, asidi. Ndimu ina asidi ya sitriki, ukwaju asidi ya tatariki, maziwa lala asidi ya laktiki, siki asidi ya asetiki, na zote zikiingia majini zinaachia chembe za haidrojeni zenye chaji, hizo ndizo zinapita kwenye kimlango kidogo cha seli za ulimi kinachoitwa OTOP1, maabara ya Emily Liman kule California ndiyo iliyokitambua, 2018 na 2019. Mlango mmoja, chembe moja. Uchungu sivyo. Uchungu hauna chanzo kimoja, unatoka kwa maelfu ya vitu visivyofanana kabisa, kwinini, kafeini, nyongo, sumu za mimea, na binadamu ana vipokezi vya uchungu aina kama 25, vilianza kuelezwa mwaka 2000. Ni kama nyumba yenye walinzi 25, kila mmoja anamjua mwizi wake lakini kengele wanayopiga ni moja. Ndio maana uchungu ukiusikia unajua kuna kitu lakini hujui ni kipi, lazima utafute mwenyewe.

Hatua ya 3: Hakikisha kwa magadi

Hii naipenda kwa sababu haitaki ulimi. Chukua zile glasi mbili, kila moja tia robo kijiko cha chai cha beking soda, ile ya unga mweupe ya dukani. Ya ndimu itachemka povu, asidi inakutana na magadi wanatoa gesi, alafu ukionja uchachu umekufa karibu wote imebaki ladha ya chumvichumvi hivi. Ya karela haichemki, na ukionja uchungu bado upo.

Ukikutana na kitu huelewi, mchuzi ama juisi, chota kijiko kimoja pembeni utie magadi punje chache. Kikitoa povu kuna asidi ndani. Kisipotoa na bado mdomo unalalamika, tafuta uchungu.

Na kama una mafua usiache kuonja ukidhani ulimi umekufa. Mafua yanaziba pua, harufu ndiyo inapotea, ile ya iliki, ya ukwaju, ya kitunguu, lakini uchachu na uchungu vinabaki. Jaribu uzibe pua kwa vidole uonje zile glasi, bado utazitofautisha bila shida.

Hatua ya 4: Tia chumvi uone maajabu

Chukua maji mapya ya karela, yagawe glasi mbili, moja tia chumvi chembe kidogo tu, ile ya ncha ya kisu. Onja isiyo na chumvi, sukutua, onja yenye chumvi. Uchungu umeshuka, wengine wanashangaa kabisa. Mwaka 1997 Breslin na Beauchamp wa kituo cha utafiti wa ladha cha Monell kule Philadelphia walionyesha kwamba sodiamu ya kwenye chumvi inakandamiza uchungu, na uchungu ukishuka utamu uliokuwa umefichika unatokeza. Mama zetu walikuwa wanajua bila maabara, ndio maana balungi tunalila na chumvi.

Ndimu nayo tia chumvi. Itakuwa tamu kula, hasa na pilipili, lakini uchachu wake bado upo na mate bado yanatoka. Hapo ndipo dawa zinapoachana njia: chumvi kwa uchungu, sukari na magadi kwa uchachu. Sukari inasaidia uchungu pia lakini inataka nyingi, na chakula cha chumvi hakiwezi kubeba sukari nyingi.

Hatua ya 5: Utoe ukakasi katikati

Kuna wa tatu anayewachanganya watu, ukakasi. Ndizi mbichi, bibo la mkanju, zambarau ambazo hazijaiva, chai iliyochemka mpaka ikawa nyeusi. Mdomo unakauka, ulimi unakwaruza, unahisi kama ngozi ya ndani imekunjamana. Ukakasi si ladha hasa, ni mguso, tanini za mmea zinashikana na proteini za mate na mate yanakosa utelezi. Kipimo ni rahisi, pitisha ulimi juu ya kaakaa, ukikwama ni ukakasi. Uchachu unaleta mate, ukakasi unayamaliza. Dawa yake ni maziwa, proteini za maziwa zinazikamata zile tanini kabla hazijafika kwenye mate yako, ndio chai ya rangi ikizidi kuchemka ukitia maziwa inalainika.

Zambarau zina uchachu na ukakasi pamoja na bibo hivyo hivyo, kwa hivyo usishangae ukisikia viwili kwa mpigo.

Hatua ya 6: Jifunze vitu vyenye vyote viwili

Vya kwanza ni jamii ya ndimu. Maji ya ndani ni machachu, ganda na ule utando mweupe na mbegu ni chungu, basi ukitupa ndimu nzima kwenye blenda unachanganya vyote. Na kuna mtego hapo watu wengi hawaujui. Juisi ya ndimu nzima ukiionja pale pale iko sawa, unaiweka kwenye friji, baada ya saa kadhaa imekuwa chungu na hakuna aliyeigusa. Ndani ya mbegu na utando kuna kitu ambacho kikiwa kizima hakina uchungu, kikikaa kwenye asidi kinageuka polepole kuwa limonini ambayo ni chungu sana. Kwa hivyo anayeuza juisi Ramadhani akitaka kusaga asubuhi auze magharibi, lazima amenye, atoe mbegu, ndio asage, ama asage karibu na wakati wa kufuturu. Sukari haitakusaidia hapo, nimewaona watu wanamwaga kilo nzima bure. Achari ya ndimu tunaiweka na maganda yake na inalika, lakini ile ina chumvi nyingi na inapigwa jua siku nyingi.

Balungi nalo lina uchungu wake wa naringini juu ya uchachu, onja nyama ya ndani peke yake kisha onja utando mweupe peke yake, ndani ya tunda moja unapata somo lote. Ila mwenye kumeza dawa za presha ama za kolesteroli amuulize daktari kwanza, balungi linagombana na baadhi ya hizo dawa.

Kahawa. Hapa Malindi tuna bahati, tuna kahawa ya dele inayokaa juu ya mkaa na tangawizi yake, na tuna ile ya mashine iliyokuja na Waitaliano. Zote zina uchungu na uchachu pamoja, na anayepika ndiye anayeamua upi utangulie. Buni zilizokaangwa kidogo zina uchachu zaidi, zilizokaangwa mpaka nyeusi uchungu zaidi, na huo uchungu hauletwi na kafeini peke yake, kafeini ni sehemu ndogo tu, mwingi unazaliwa kwenye kikaango. Kwenye mashine, kahawa ikitoka chachu kali na nyepesi maji yamepita haraka, saga laini zaidi. Ikitoka chungu ya kukwaruza koo maji yamekaa sana, saga nene kidogo. Kwenye dele ukichemsha muda mrefu unaongeza uchungu, hio wengi wanaitaka na ndio sifa yake, tunainywa na tende ama halwa. Lakini kahawa ikikaa juu ya makaa masaa na masaa inaanza kuchachuka pia, asidi inaongezeka, mteja wa saa nne usiku anapata kitu kingine kabisa na aliyekunywa baada ya magharibi. Ni bora kupika kidogo kidogo mara nyingi.

Hatua ya 7: Onjeni wawili

Mwite mtu mwengine aonje glasi zako, na asipokubaliana nawe kwenye karela usibishane naye. Mwaka 1931 mwanakemia Arthur Fox wa kampuni ya kemikali ya DuPont alikuwa anamimina unga wa kemikali inaitwa PTC, ukapeperuka, mwenzake akalalamika mdomo wake umekuwa mchungu na Fox mwenyewe hasikii kitu. Wakaja kugundua kwamba ni urithi, na 2003 jini yenyewe ikajulikana, TAS2R38. Watu wa nyumba moja wanaweza kula mchunga huu huu, mmoja anasikia chungu kidogo, mwengine hamezi. Watoto kwa kawaida wanasikia uchungu kwa nguvu kuliko wazee, kwa hivyo mtoto akikataa karela si ukaidi, na ukimlazimisha utamfanya aichukie. Mpe iliyochemshwa kidogo ndani ya nazi, atazoea. Uchachu wao wanaupenda, angalia embe bichi na mabuyu nje ya shule.

Kwa hivyo unayepikia watu wengi usitegemee ulimi wako peke yako kwa vitu vichungu, tafuta mtu wa pili. Kwa uchachu hamtatofautiana sana.

Hatua ya 8: Rekebisha chakula

Uchachu ukizidi. Kwanza ongeza wingi, maji kwenye juisi, tui ama nyanya iliyoiva kwenye mchuzi. Pili sukari kidogo, inauficha uchachu, haiuondoi, asidi bado iko, kwa hivyo tumbo lenye vidonda halidanganyiki. Tatu magadi, hii inauondoa kweli, lakini ni punje chache tu kwa sufuria nzima, ikizidi chakula kinanuka sabuni na huwezi kurudi nyuma. Tui na ukwaju uwe nao makini, tui likiwa linatokota ukatia asidi linakatika, mafuta juu maji chini. Epua ama punguza moto, tia ukwaju ama ndimu mwisho kabisa huku unakoroga, ndivyo samaki wa kupaka anavyotoka na mchuzi mzito. Na ukwaju usiulaze kwenye sufuria ya aluminiamu, asidi inaila sufuria na mchuzi unapata ladha ya chuma, tumia bakuli la udongo, glasi ama chuma kisichoshika kutu.

Mbirimbi ni tamu sana kwenye mchuzi na achari, lakini juisi yake tupu usiinywe kwa glasi kama dawa, ina asidi ya oksaliki nyingi na kuna watu figo zimeumia kwa hilo.

Uchungu ukizidi, uliza umetoka wapi. Jikoni kwetu mara nyingi ni kitunguu thomu kilichoungua, uwatu uliokaushwa kupita kiasi, manjano nyingi, ama vitunguu maji vilivyovuka rangi ya kahawia vikawa vyeusi. Uchungu wa kuungua hautoki. Kama ndio mwanzo, viungo viko kwenye mafuta na hujatia nyama, mwaga uanze upya, ni hasara ndogo. Kama sufuria imeshajaa, hamishia chakula sufuria nyingine bila kukwangua chini, ongeza chumvi kidogo, tia tui zito, mafuta ya nazi yanapunguza kasi ya uchungu kufika ulimini, alafu sukari ya ncha ya kijiko. Ndimu usitie, utakuwa na matatizo mawili.

Karela ikate nyembamba, toa mbegu, ipake chumvi, iache nusu saa, ikamue, ioshe ndio ukaange. Maji yanayotoka yanaondoka na uchungu mwingi. Mchunga, ule akina mama wa Kigiriama wanauita mtsunga, uchemshe umwage maji, kisha uunge na tui, na ukichanganya na mboga isiyo chungu kama mchicha unakaa sawa kabisa. Ladha yote usiiondoe, uchungu kidogo ndio raha ya mboga ile.

Samaki. Ukimpasua ukatoboa nyongo, ile maji ya kijani ikagusa nyama, inakuwa chungu na ndimu haiifuti, watu wanakamulia ndimu tatu bado. Osha hapo hapo kwa maji mengi, na sehemu iliyobadilika rangi ikate uitupe, usingoje.

Hatua ya 9: Jua wakati wa kutema

Hapa naomba usome polepole.

Mumunye, tango na boga la kawaida havitakiwi kuwa vichungu. Vikiwa vichungu vina kukabitasini, sumu ya jamii hiyo ya mimea, na kupika hakuitoi. Inaleta kutapika na kuhara vibaya sana. Kabla ya kukata mumunye lote sufuriani kata kipande kidogo, gusa kwa ncha ya ulimi, kikiwa kichungu tema, sukutua, tupa lote. Hata kama limeshapikwa na tui na kamba, mwaga. Karela ni tofauti, uchungu wake ni wa asili na unalika.

Mhogo mchungu una kemikali inayoachia sianidi. Mhogo wa kuchoma ufukweni unakamuliwa ndimu na pilipili, na ndimu inaweza kukuchanganya usisikie, kwa hivyo onja kipande kabla hujakamua kitu. Ukiwa mchungu usile. Aina chungu si za kutafuna mbichi wala za kuchoma, zinataka kumenywa, kulowekwa siku kadhaa, kuchemshwa maji mengi na maji yamwagwe.

Viazi vyenye kijani chini ya ganda ama machipukizi vina solanini, vichungu na vinachoma koo, mafuta ya moto hayaitoi yote. Anayepika viazi karai achambue kabla ya kuchemsha, manake mteja akishachovya kwenye ukwaju hawezi tena kusikia uchungu vizuri.

Uchachu nao una upande wake. Maziwa lala na siki ni vichachu kwa kupangwa. Wali wa jana, mchuzi wa nazi uliolala nje kwenye joto letu hili, ukisikia uchachu ambao hukuutia wewe, umechacha, usiuchemshe tena ukidhani umepona, baadhi ya sumu za bakteria zinavumilia moto. Mwaga. Nazi ikiwa na ladha ya sabuni ni mafuta yameoza, hio ni ya kutupa pia.

Na jodari, vibua, samaki hawa wa nyama nyekundu, wakikaa bila barafu wanatengeneza histamini. Haileti uchungu wala uchachu, inachoma ulimi kama pilipili wakati hakuna aliyetia pilipili. Kupika hakuiondoi. Ukiisikia tema, toa sahani zote mezani, na mtu aliyekwisha kumeza akianza uso kuwaka, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio ama kupumua kwa shida, mpelekeni hospitali mara moja, na mwambie daktari amekula samaki gani na saa ngapi.